Daftari la Mguno

Ukiitafuta nchi hii kwenye ramani hutaiona, kwa sababu serikali yake iliamua kwamba ramani ni siri. Wewe jua tu kwamba ipo. Ina milima miwili, ina mto mmoja unaofanya kazi wakati wa masika, na watu wake ni watulivu kupita kiasi. Utulivu wenyewe uko kwenye sheria, kifungu cha tisa.

Kiongozi wao anaitwa Mlezi Mkuu. Jina la kuzaliwa analo, ila limefungiwa kwenye Nyaraka za Taifa lisije likachakaa. Asubuhi moja, miaka mingi nyuma, Mlezi alikwenda redioni kuhutubia. Akainama kufunga kamba za viatu, kipaza sauti kikiwa wazi, akaguna: "Mmmmmh." Mtangazaji masikini hakujua kama hotuba imeanza au imeisha. Akaona salama yake ni kusema, "Huo ndio ujumbe wa Mlezi kwa taifa." Kufika jioni, mawaziri wanne walikuwa wameshaufafanua.

Tangu hapo kila siku saa kumi na mbili asubuhi redio ikafungua matangazo kwa Mguno, na kila ala ya muziki nchini ikawa inarekebishwa ifuate Mguno. Tarumbeta, vinanda, magitaa ya bendi za harusi, vyote. Mlezi alipoanza kuzeeka sauti yake ikashuka, na nchi nzima ikashuka naye. Mafundi wakaongeza vipande vya bomba kwenye tarumbeta ili zifike huko chini. Wanakwaya wa kike wakawa wananguruma. Kinanda kimoja kikubwa cha kanisa, ambacho hakikuweza kushushwa, kilikamatwa kwa kosa la kukaa juu ya Mlezi, na mpaka leo kipo mahabusu.

Hao ndio watu wenyewe. Na Siwema Lukindo alikuwa mmoja wao, mwenye bahati mbaya ya kuwa na masikio.

*

Siwema alizaliwa nyuma ya mashine ya kusaga. Mama yake ndiye aliyekuwa akiiendesha, na binti alipofika miaka sita alikuwa anaweza kukaa uani anachambua mchele halafu akapaza sauti, "Mama, mkanda umelegea!" Mama anazima mashine, anashika mkanda, kweli umelegea. Sikio la namna hiyo halifichiki. Likampeleka Chuo cha Taifa cha Uongozi wa Kijeshi na Ustadi wa Muziki.

Chuo hicho kiliunganisha mambo hayo mawili kwa sababu Mlezi aliwahi kuuliza kwenye hotuba: "Jeshi lisilojua kuimba, litajuaje kama limeshinda?" Hakuna aliyelielewa swali, kwa hiyo likajengewa chuo. Pale huwezi kupewa kikosi bila kujua kupiga ala, wala kupewa ala bila kujua kuamuru kikosi. Anayepiga kwa kishindo zaidi ndiye kiongozi. Ndiyo maana kikosi cha Siwema kiliongozwa na Zabroni, kijana mwema, mpiga ngoma kubwa, ambaye hakuwa anasikia tofauti ya wimbo wa taifa na kengele ya chakula, na alivipigia vyote saluti. Mtihani wa vitendo wa Uongozi ulikuwa kurudi nyuma mbio huku unapiga wimbo wa ushindi.

Ukifeli, unapelekwa Kozi ya Marudio, ng'ambo ya mto. Kozi hiyo inasifika sana. Tangu ianzishwe, hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyerudi kulalamika.

Mwaka ule chuo kilianzisha kazi mpya iliyobeba nusu ya alama zote: Daftari la Mguno. Kila mwanafunzi asimame gwaride na penseli yake saa kumi na mbili, ausikilize Mguno kwa siku arobaini mfululizo, aandike sauti ilikuwa juu au chini kiasi gani, ilidumu muda gani, pumzi ilikuwaje, na mwisho kuna sehemu ya Maoni. Mguno ukiisha, Mkuu wa Chuo, Kanali Ndolezi, anatoa amri, na wote mia mbili na kumi na wawili wanaitika, "Mlezi aishi!"

Wanafunzi mia mbili na kumi na moja waliandika kama watu wenye akili. Zabroni kwa mfano, siku ya saba aliandika: "Mguno wa kizalendo sana." Siku ya nane: "Wa kizalendo zaidi."

Siwema akaandika alichosikia.

*

Mwalimu Mbaruku, mkufunzi wa kusikia, alilisoma daftari la Siwema akiwa amesimama. Kisha akaketi akalisoma tena. Kisha akaenda kufunga dirisha, akakumbuka kwamba dirisha lililofungwa mchana kwenye joto lile linatia shaka, akalifungua, akamwita.

"Mwanangu, umekula?"

"Nimekula, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Umekula nini?"

"Ugali na maharage."

"Basi ni hayo maharage yaliyoandika ukurasa huu." Akalisogeza daftari mbele yake kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesogeza kitu kinachouma. "Hebu nisomee, taratibu, na usipaze sauti."

Siwema akasoma. "Siku ya ishirini na mbili: chini kidogo kuliko jana. Sekunde nne na nusu. Kikohozi kidogo katikati. Nyuma yake kunguru amelia mara moja. Siku ya ishirini na tatu: kama jana. Kikohozi pale pale. Kunguru pale pale. Siku ya ishirini na nne: kama jana..."

"Ruka."

"Siku ya arobaini: kama jana. Maoni: Kwa siku kumi na tisa nimesikia mguno mmoja na kunguru mmoja. Naona huu ni mkanda unaorudiwa. Kama Mlezi anaguna siku hizi, hagunii redioni."

Nje, kikosi cha tatu kilikuwa kinarudi nyuma kwa ushindi. Mwalimu Mbaruku alikuwa mtu wa mzaha, mzaha ndio uliomfikisha miaka hamsini na mbili katika nchi ile, lakini safari hii mzaha ulichelewa kufika.

"Siwema. Nani mwingine ameona hili?"

"Nilimwonyesha Zabroni. Akasema yeye kunguru hajamsikia, ila kama yupo basi ni wa kizalendo."

"Mungu ambariki Zabroni. Sasa sikiliza. Ukiandika mkanda, maana yake Mlezi hawezi kuguna. Na Mlezi asiyeweza kuguna ni Mlezi wa namna gani? Wewe hujaliandika, lakini kila atakayesoma atalimalizia mwenyewe kichwani, na akishalimalizia atakuchukia wewe kwa sababu yeye amelifikiria."

"Lakini somo la Uongozi linasema askari aripoti alichosikia, asiripoti alichopenda kusikia. Kanali mwenyewe ametufundisha."

"Kanali alikuwa anasoma kitabu, mwanangu. Hakuwa anasema."

"Nifanyeje sasa, mwalimu?"

"Andika upya. Leo juu kidogo, kesho chini kidogo, keshokutwa pumzi ndefu. Tunga!"

Siwema akaona haya. "Mimi niko kozi ya kusikia, mwalimu. Ya kutunga ni mwaka wa tatu."

Mwalimu akamtazama. Alitaka kucheka, na alitaka pia kumpiga kibao, na akafanya lile la tatu: akafungua droo, akatoa daftari jipya.

"Haya, nenda darasani. Hilo lako liache hapa."

*

Siku ya usaili wa madaftari ukumbi ulipambwa. Mezani alikaa Kanali Ndolezi na kifimbo chake, kile anachoamrishia gwaride na kuongozea bendi, ikawa hakuna anayejua kama ameambiwa geuka kulia au ingieni na klarineti. Kushoto kwake alikaa Mwalimu Mbaruku. Kwenye kona, bila meza, alikaa bwana mmoja wa suti ya kijivu. Ratiba ilimtaja kama Mtathmini wa Nje. Nje ya wapi, ratiba haikusema. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na uwanja wote ulikuwa tope, lakini viatu vyake vilikuwa safi.

Zabroni aliingia wa kwanza, akapiga saluti kwa nguvu mpaka kofia ikaanguka, akafaulu.

Siwema akaingia.

"Daftari hili ni lako?" Kanali aliliinua.

Jina juu lilikuwa lake. Mwandiko ulikuwa kama wake, ila umenyooka zaidi, kama wa mtu anayejitahidi kuwa yeye. Lake lilikuwa na alama ya kikombe cha chai kwenye jalada, hili halikuwa nayo. Akamtazama Mwalimu Mbaruku. Mwalimu alikuwa anapangusa mdomo wa tarumbeta ambao tayari ulikuwa unang'aa, anapangusa na kupangusa.

Hapo ndipo Siwema alipoelewa. Akisema si lake, mwalimu ndiye atakayevuka mto. Akisema ni lake, itakuwa mara ya kwanza maishani kusema asichokisikia.

"Ni langu, Afande."

"Unaandika hapa kwamba kuanzia siku ya ishirini na mbili sauti ya Mlezi inapanda. Siku ya arobaini imepanda nusu sauti nzima. Kifua safi, hakuna kikohozi. Wenzako wote hawakulisikia hilo."

"Ndiyo, Afande."

Uso wa Kanali ukalainika, ukawa karibu uso wa mtu. Akainama mbele, akanong'ona kama anayeuliza habari za ndugu yake: "Kwa hiyo anapata nafuu?"

"Kwani alikuwa anaumwa, Afande?" Siwema aliuliza bila hila yoyote.

Hakuna mtu nchini aliyewahi kusema kwamba Mlezi anaumwa. Kuna kifungu kinachokataza, na kuna kingine kinachokataza kukijua kile cha kwanza. Kanali akageuza shingo polepole kuelekea kona. Jasho lilimtoka puani.

"Namaanisha... uzima wake unazidi kuzidi," akasema. "Kutoka kwenye uzima kwenda kwenye uzima."

Yule bwana wa kijivu akafungua mdomo kwa mara ya kwanza siku hiyo. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Atugunie. Ule wa siku ya arobaini."

Siwema akavuta pumzi. Alijua anachotakiwa kutoa, lakini koo lake lilikuwa limezaliwa nyuma ya mashine ya kusaga na halikujua kutoa kisichokuwepo. Mguno ukaanza kumtoka kama alivyousikia: ule ule, wa chini, mchovu, unaelekea kwenye kikohozi, na baada ya kikohozi angefuata kunguru.

"Samahani, wakuu!" Mwalimu Mbaruku alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Sauti ya mtoto wa kike haifiki huko chini. Mtamuumiza koo bure. Niruhusuni mimi."

Akashusha mabega, akavuta pumzi kwa pua, akaguna.

Ulikuwa mguno wa Mlezi Mkuu mwenyewe, lakini mwenye afya, aliyelala vizuri, aliyekula mayai mawili. Kanali akajikuta amesimama wima na mkono kwenye paji la uso. Makatibu wawili waliokuwa wakiandika kumbukumbu nao wakasimama. Huko koridoni mpishi aliyekuwa akipita na sinia ya vikombe aliiachia chini ili apate mkono wa saluti.

Bwana wa kijivu peke yake hakusimama. Aliandika mstari mmoja.

"Mwalimu, una miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili, mheshimiwa."

"Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Familia?"

"Sina. Mke wangu alifariki, watoto hatukujaliwa."

"Vizuri sana," yule bwana akasema, na ilionekana kweli amefurahi.

Siwema akapewa alama tisini na nane. Walipopishana mlangoni mwalimu alimgusa bega, akasema kwa haraka, "Unaona? Umefaulu," na akatabasamu kama mtu aliyesimuliwa kichekesho asichokielewa vizuri.

*

Asubuhi iliyofuata kwenye ubao wa matangazo kulikuwa na karatasi: "Mwalimu Mbaruku amepata uteuzi mkubwa. Mahali hapajulikani. Wanaotaka kumpongeza wapongeze wakiwa hapo hapo walipo." Ofisi yake ilikuwa inapakwa rangi. Kikombe chake cha chai kilikuwa bado kipo dirishani, na fundi alikuwa anakipaka rangi pamoja na dirisha.

Duru mpya ya siku arobaini ilikuwa inaanza, na saa kumi na mbili redio ikakwaruza. Penseli mia mbili na kumi na mbili zikainuka.

"Mmmmmh."

Juu nusu sauti. Kifua safi. Mtangazaji alilia hewani. Saa tatu ilitangazwa sikukuu ya siku mbili, na mafundi wakaanza kuzipunguzia tarumbeta mabomba waliyoziongezea.

Siwema alisimama pale na penseli yake. Kabla ya mguno alikuwa amesikia pumzi ikivutwa kwa pua, mabega yakiwa chini, kama alivyofundishwa yeye mwenyewe mara elfu moja: shusha mabega, mwanangu, hubebi mizigo.

"Wewe," Zabroni alimnong'oneza, "siku hizi Mlezi ana sauti nzuri kama ya mwalimu wa muz..."

Siwema alimkanyaga mguu kwa buti.

"Nimesema nini sasa?"

"Hujasema kitu, Zabroni. Endelea hivyo hivyo."

*

Basi Siwema akateuliwa msaidizi wa kozi. Daftari lake sasa likawa halisubiri siku arobaini. Kila siku saa nne alikuja mtu wa pikipiki, analichukua, analipeleka kwenye ofisi isiyo na kibao, na jioni linarudi. Nani alilisoma, hakuambiwa. Lakini lilisomwa, hilo alilijua kwa namna hii.

Siku ya tano mguno ulikuja na mafua. Siwema aliandika alama za sauti, akafika kwenye Maoni, akasita, akaandika: "Mlezi apewe chai ya tangawizi." Siku ya sita koo lilikuwa safi.

Siku ya kumi sauti ilitetemeka mwishoni, tetemeko la mtu ambaye ameamshwa mara nyingi. Akaandika: "Mlezi aachwe alale." Siku ya kumi na moja mguno ulikuwa mpana kama godoro.

Kuanzia hapo msichana yule akawa raia mwema kuliko wote nchini. Wengine waliomba Mlezi aishi kwa sababu ni lazima. Yeye aliomba kwa kutetemeka, kuanzia saa kumi na moja na nusu, akiwa ameshika penseli kwa mikono miwili. Kanali Ndolezi alimwonyesha kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. "Tazameni," alisema, "huu ndio upendo. Haufundishiki. Ila mtapewa mtihani wake."

Lakini sikio likishazoea sauti ya mtu huanza kusikia na mahali alipo. Wiki ya nne Siwema alisikia chumba. Mguno ulitoka, ukagonga saruji, ukarudi haraka mno. Chumba kidogo. Kuta nne tupu. Hakuna pazia, hakuna upepo, hakuna hata sauti ya mlango mbali. Na ndani ya chumba hicho sauti ilikuwa inakonda. Haikuugua, ilikuwa inaishiwa hamu, kama mche uliowekwa kabatini.

Siku tatu alijizuia. Chai na usingizi mtu yeyote anaweza kumwombea Mlezi. Lakini Mlezi, kila mtu anajua, anakaa kwenye jumba lenye madirisha mia moja na arobaini. Watoto wa shule huimba idadi yake. Atakayemwombea dirisha atakuwa ametangaza kwamba anajua anayeguna si yeye.

Siku ya nne mguno ulikuja umekatika katikati. Sekunde mbili tu. Mtangazaji aliusifu kwa ufupi wake.

Siwema alikwenda kwenye Maoni, akaandika kwa herufi kubwa, zile zake zilizopinda: "Apewe dirisha." Mtu wa pikipiki akalichukua. Jioni ile daftari halikurudi.

Kesho yake gwaride lilisimama kama kawaida. Siwema alikuwa na kipande cha karatasi mahali pa daftari. Redio ikakwaruza, ikanyamaza, na ukimya ukawa mrefu kuliko siku zote, mpaka Kanali akaitazama saa yake, akaiweka sikioni.

Kisha ukaja. Pumzi kwa pua, mabega chini, mguno mrefu wa sekunde sita uliosimama imara mpaka mwisho. Na nyuma yake, mbali, kulikuwa na majani yanayopeperuka, baiskeli iliyopiga kengele, na mwanamke aliyekuwa akiwaita watu waje kununua vitumbua.

"Mlezi aishi!" Siwema alipiga kelele peke yake, kabla ya amri, machozi yakimtiririka.

Adhabu ya kuitika kabla ya amri ni siku saba. Lakini Kanali Ndolezi aliguswa. Alitoa kalamu pale pale uwanjani akamwandikia alama mia katika Uongozi wa Kijeshi, wa kwanza katika historia ya chuo, na alikuwa bado anaandika wakati gari jeusi lilipoingia getini. Halikupiga honi. Aliyeshuka alikuwa yule bwana wa kijivu. Mkononi alikuwa na daftari lenye jina la Siwema, na kidole chake kilikuwa katikati ya kurasa, pale palipoandikwa dirisha.

Siwema alimwona. Akajifuta uso kwa mkono wa shati. Muda aliobaki nao ulikuwa ule wa yule bwana kuvuka uwanja, na uwanja ulikuwa na tope, na bwana huyo alivikwepesha viatu vyake kwa uangalifu.

"Zabroni," akasema bila kugeuza kichwa. "Kesho nawe uandike Maoni, na daftari umpe mtu wa pikipiki. Kila siku. Andika chai ya tangawizi."

"Lakini mimi sisikii kitu, Siwema. Unajua wewe. Mimi sijawahi kusikia kitu."

"Najua. Andika chai." Akampa penseli yake. "Na kila ukiandika chai, ukimaliza, ongeza usingizi."

Zabroni aliitazama penseli, akamtazama bwana aliyekuwa amebakiza hatua kumi, na kwa sababu hakujua la kufanya, akampigia Siwema saluti.